Ilala, Kutoka Feri Hadi Pugu

Wilaya ya Ilala ndiyo kitovu cha Dar es Salaam, na tangu Februari 2021 ndiyo Jiji la Dar es Salaam lenyewe kwa mujibu wa sheria. Mwezi huo Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa zote za mkoa, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zikabaki manispaa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Ilala watu 1,649,912, karibu theluthi moja ya watu 5,383,728 wa mkoa mzima. Kata zake ni 36. Mashariki inagusa Bahari ya Hindi, kusini inapakana na Temeke, na kaskazini sehemu ya chini ya Mto Msimbazi inaitenga na Kinondoni. Kuelekea magharibi ardhi inapanda polepole hadi kwenye vilima vya Pugu, na ng'ambo yake ni Kisarawe, Mkoa wa Pwani.

Kwa hiyo Ilala ni ndefu kuliko ilivyo pana: nyembamba baharini, ikifunguka kadiri inavyokwenda bara. Nimeipita kwa urefu wake mara nyingi, kwa daladala, kwa treni na kwa miguu, na kila safari inanithibitishia jambo moja, kwamba wilaya hii haisomeki kwa barabara zake. Inasomeka kwa maji. Bandari ndiyo iliyoizaa, na mto ndio uliowagawa watu wake.

Mwanzo wake ni mlango mwembamba wa bandari, pale pantoni zinapovusha watu kwenda Kigamboni. Kando ya kivuko lipo soko la samaki la Kivukoni, ambalo kila mtu huliita Feri. Alfajiri, vyombo vikishapakua, madalali hunadi samaki fungu kwa fungu: changu, kolekole, vibua, jodari, pweza. Bei hutajwa kwa kasi ambayo mgeni haishiki. Siku moja nilisimama nyuma ya mama mwenye ndoo ya bluu, aliyekuja kununua vibua vya kwenda kukaanga. Alikataa mafungu matatu. La nne alilipindua, akamchukua samaki wa chini kabisa, akambonyeza jicho kwa kidole gumba, akamfunua matamvua kutazama wekundu wake, kisha ndipo akafungua pindo la kanga kutoa fedha. Saa mbili baadaye samaki wale wangekuwa ndani ya karai la mafuta kwenye uchochoro fulani wa Buguruni au Vingunguti. Hivyo ndivyo bahari inavyoifikia wilaya nzima kila siku.

Kabla ya mji palikuwa na kijiji, Mzizima, kilichokaa ufukweni kaskazini mwa mlango wa bandari. Wakazi wake walikuwa Washomvi waliojihesabu kuwa na asili ya Barawa, wavuvi na wakulima, na nyuma yao bara walikuwapo Wazaramo. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliichagua bandari hii iliyofichika, yenye kina na utulivu, akaanza kujenga mji na kuuita Dar es Salaam. Nia yake ilikuwa kuvuta biashara ya misafara ya bara. Alifariki mwaka 1870 kabla ya kazi kukamilika, na ndugu yake Barghash aliyemrithi hakuwa na haja nao. Majumba yakaanza kumong'onyoka. Mawili ya enzi hizo bado yamesimama kwenye barabara ya ufukweni, iitwayo leo Sokoine: Boma la Kale, lenye kuta nene za mawe ya matumbawe na mlango wa kuchongwa, na nyumba iliyokuja kuwa ya mapadri wa White Fathers, yaani Atiman House. Wapitao ni wengi na wanaotazama juu ni wachache. Nyumba hizo mbili zinastahili kusimamiwa kwa dakika tano walau, maana ndizo mashahidi pekee wa mji ambao nusura usizaliwe.

Wajerumani walifika mwaka 1887 na mwaka 1891 wakahamisha makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo. Walichokiona ndicho alichokiona Majid, bandari ambamo meli kubwa zinaweza kutia nanga salama, wakati Bagamoyo zililazimika kukaa mbali na ufukwe. Baada ya hapo ujenzi ulikwenda haraka. Hospitali ya Ocean Road ilikamilika mwaka 1897. Kanisa la Mtakatifu Yosefu na lile la Kilutheri la Azania Front, yote mawili yakiangalia maji, yalijengwa ndani ya miaka ileile na kukamilika mwaka 1902. Reli ya Kati ilianza kujengwa hapa mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Reli ndiyo iliyofunga hesabu. Mji uliokuwa wa ufukweni tu ukawa mlango wa nchi hadi Ziwa Tanganyika.

Pamoja na majengo likaja wazo la kuutenga mji. Upande wa mashariki, wenye upepo wa bahari na miti, ukawa Uzunguni. Katikati, kwenye maduka ya Kisutu, Kitumbini na Mtaa wa India, ukawa Uhindini. Waafrika walisukumwa magharibi, Uswahilini. Waingereza walioutwaa mji Septemba 1916 hawakulifuta wazo hilo. Waliliandika upya katika kanuni za ujenzi zilizogawa mji katika kanda tatu, kwa kuangalia aina ya nyumba inayoruhusiwa kujengwa. Kanuni zilitaja nyumba na kukaa kimya kuhusu rangi ya mtu, lakini kila mtu alijua nyumba ipi ni ya nani. Kati ya Uhindini na Uswahilini uliachwa uwanja mtupu, kwa hoja ya kuzuia maradhi na moto. Uwanja huo ndio Mnazi Mmoja.

Kabla ya kuuvuka uwanja, msafiri hupita kwenye Sanamu ya Askari, katikati ya Barabara ya Samora. Mahali hapo Wajerumani walikuwa wamemsimamisha Hermann von Wissmann, gavana wao. Waingereza walimwondoa, na mwaka 1927 wakamweka askari wa shaba, Mwafrika, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Maandishi yaliyo chini yake yapo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi. Yanawakumbuka askari waliopigana Vita Kuu ya Kwanza, na pia wapagazi walioibeba vita hiyo kichwani. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Hakuna sanamu ya mpagazi. Ukumbusho wake ni jina la mtaa ulio mbele kidogo, na jina hilo hutajwa na makonda wa daladala maelfu ya mara kwa siku.

Mnazi Mmoja yenyewe imegeuka kinyume cha ilivyokusudiwa. Uwanja ulioachwa ili watu wasikutane ukawa mahali pa kukutania: mikutano ya siasa, swala za Idi, na leo Mnara wa Uhuru wenye mwenge juu. Hatua chache kutoka hapo, katika Mtaa wa Lumumba, zamani New Street, palikuwa na jengo la chama cha African Association. Humo ndani, tarehe 7 Julai 1954, chama hicho kilizaliwa upya kwa jina la TANU, na Julius Nyerere akiwa rais wake. Nchi nzima hupumzika kila Saba Saba, na chimbuko la tarehe hiyo ni hapa, kwenye mstari uleule uliochorwa kuwatenga watu.

Ng'ambo ya uwanja ni Kariakoo. Jina linatokana na maneno ya Kiingereza "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi, kilichopiga kambi hapa baada ya Waingereza kuingia mwaka 1916. Wajerumani walikuwa wamekwisha kulipanga eneo hili liwe mji wa Waafrika na kuanza kujenga jengo la soko, na vita ikawakuta. Waingereza waliendeleza ramani ileile: mitaa iliyonyooka, inayokatana kwa pembe za mraba, na viwanja vya ukubwa unaolingana. Majina ya mitaa yanasema waliokuja ni nani na walitoka wapi: Nyamwezi, Pemba, Mafia, Kongo, Swahili, Sikukuu, Narung'ombe, Tandamti. Ukiyasoma vibaoni kwa utaratibu ni kama kusikiliza watu wakiitwa mmoja mmoja.

Nyumba iliyojaza viwanja hivyo ndiyo nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Mbele kuna baraza ya saruji, kisha mlango wa mbao, kisha ukumbi mrefu unaopita katikati hadi nyuma, vyumba vitatu kila upande. Ukumbi unatokeza uani, palipo na jiko, choo, bafu na kamba ya nguo. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Kwa mpango huo Mzaramo, Mngoni, Mmanyema na Mnyamwezi walichota maji kwenye bomba moja na kugombana juu ya zamu ya kufagia ua mmoja, kwa Kiswahili. Baraza ilikuwa mali ya wote: mchezo wa bao, kahawa ya jioni, habari za msiba. Naamini Kiswahili cha mjini, kile chepesi kinachopokea neno geni bila kuuliza pasipoti, kililelewa zaidi kwenye kumbi hizo kuliko darasani. Nyumba za aina hiyo zimebaki chache Kariakoo. Nyingi zimebomolewa kupisha maghorofa ya maduka, na pale moja inapobaki imebanwa katikati ya minara miwili, baraza yake imezungushiwa nondo na kupangishwa kwa muuza vifaa vya simu.

Soko kuu la sasa lilibuniwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, na Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1975. Paa lake ni la zege, limeundwa kwa vipande vipana vinavyosimama juu ya nguzo kama miavuli iliyopinduliwa. Maji ya mvua hukusanywa kwenye miavuli hiyo na kushuka ndani ya nguzo hadi kwenye matangi ya chini. Upepo hupita juu ya vichwa vya watu, na jua la saa sita halimfikii muuza mchicha. Ni jengo linalojua liko pwani, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya maghorofa ya vioo yaliyolizunguka. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliliunguza, na wafanyabiashara wake wakahamishiwa kwingine kusubiri ukarabati.

Biashara ya Kariakoo haikungoja. Wanunuzi huja kutoka Zambia, Malawi, Kongo, Burundi na Komoro kuchukua nguo, vitenge, vyombo vya plastiki na vipuri, na mzigo hufungwa hapohapo njiani. Katika Mtaa wa Kongo mwendo wa mtu mzima ni nusu hatua. Mkokoteni uliorundikwa marobota hadi juu ya kichwa cha mwenyewe unapita, naye anapaza sauti, "Mzigo! Mzigo!", na umati unafunguka kisha unafunga nyuma yake kama maji. Viwanja vilevile vya nyumba za vyumba sita sasa vinabeba majengo ya ghorofa kumi, na ardhi inalipiwa kila futi. Gharama yake ilionekana tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa moja lilipoporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Kwa siku kadhaa waokoaji walichimba kifusi huku ndugu wakiwa wamekaa kando ya barabara wakingoja majina.

Kariakoo ndiyo pia nyumbani kwa timu mbili za soka zinazoigawa nchi. Young Africans, Yanga, ilianzishwa mwaka 1935, na jengo lake lipo kwenye kona ya Twiga na Jangwani. Simba ilifuata mwaka 1936, na makao yake yapo Mtaa wa Msimbazi. Mashabiki huwaita wa kwanza Watoto wa Jangwani na wa pili Wekundu wa Msimbazi. Majina yote mawili yametoka kwenye bonde moja, na kutoka jengo moja hadi jingine ni mwendo wa miguu wa dakika chache.

Kutoka Kariakoo, Barabara ya Uhuru inaingia Ilala yenyewe, mtaa ulioipa wilaya jina. Hapo zipo ofisi za Boma, Hospitali ya Amana, na kota zilizojengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya wafanyakazi, nyumba ndogo zenye mpango mzuri kuliko mitaa mingi iliyofuata. Mbele ni Buguruni, ambako mpango unaisha. Kuanzia hapa nyumba zilitangulia na barabara ikatafutiwa njia baadaye. Takwimu zinaeleza sababu: Dar es Salaam ilikuwa na watu 128,742 mwaka 1957, ikawa na 272,821 mwaka 1967, na haikuacha kuongezeka. Viwanja vilivyopimwa havikuweza kwenda sambamba na watu hao. Mzaramo mwenye shamba la minazi alikata kipande akauza, kisha kingine, mashahidi wakiwa majirani na hati ikiwa karatasi ya daftari.

Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado huiita Barabara ya Pugu, ndiyo mgongo wa nusu ya pili ya wilaya. Viwanda na maghala vimejipanga kandokando yake, na mahali inapokutana na Barabara ya Mandela, mpakani na Temeke, limejengwa daraja la juu lililofunguliwa mwaka 2018 na kupewa jina la mhandisi Patrick Mfugale. Jirani yake ni stesheni ya TAZARA, mwanzo wa kilomita 1,860 za reli ya kwenda Kapiri Mposhi, Zambia. Kisha kuna uwanja wa ndege. Jengo la pili la abiria, la mwaka 1984, lilibuniwa na Mfaransa Paul Andreu, na paa lake linafuata umbo la minazi. Jengo la tatu, la mwaka 2019, limekusudiwa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Upanuzi wa uwanja uliwaondoa wakazi wengi wa Kipawa, waliosogezwa zaidi kuelekea Pugu.

Ukonga na Gongo la Mboto nilizipita kwa treni ya mjini, ile inayotoka Stesheni hadi Pugu kwa reli ya zamani. Asubuhi hujaa ikielekea mjini, jioni hujaa ikirudi, na kati ya hapo unaweza kupata kiti cha dirishani. Gongo la Mboto inakumbukwa kwa usiku wa tarehe 16 Februari 2011, ghala la silaha la jeshi lilipolipuka. Watu zaidi ya 20 walikufa na maelfu wakakimbia, wengi kwa miguu, hadi mjini. Leo sambamba na reli ile ya mita moja inapita reli mpya ya umeme, ambayo treni zake zilianza safari za Morogoro na Dodoma katikati ya 2024.

Pugu ni mwinuko. Udongo unabadilika, mchanga mweupe wa pwani unaacha nafasi kwa mwekundu, na hewa inapoa kidogo. Wamisionari Wabenedikto walijenga hapa mwaka 1888. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni ilishambuliwa na watatu kati yao wakauawa. Baadaye kilima kilipata shule, St. Francis, leo Pugu Sekondari. Nyerere alifundisha hapo tangu aliporudi kutoka masomoni Edinburgh hadi Machi 1955, alipoacha kazi ili kushughulikia siasa. Kutoka shuleni hadi Lumumba ni zaidi ya kilomita 20, na kwa barabara ya wakati ule ilikuwa safari ya kweli.

Pugu kuna pia mnada wa mifugo. Ng'ombe hushuka hapa kutoka Singida, Shinyanga na Dodoma, hununuliwa, kisha hupelekwa machinjioni Vingunguti, na kutoka hapo nyama husambaa kwenye mabucha. Na kuna dampo la Kinyamwezi, mwisho wa takataka za mji. Kusini zaidi, Kivule, Kitunda, Majohe na Chanika zinaendelea kujaa nyumba mpya za matofali, zenye visima vya watu binafsi na barabara za vumbi. Huko ndiko Ilala inakokua sasa.

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivihivi, upande wa Kisarawe, na kurudi mjini kwa njia yake. Urefu wake ni kama kilomita 35. Unapita Kinyerezi, penye mitambo ya umeme wa gesi asilia, kisha Segerea na Tabata. Tabata palikuwa na dampo la jiji hadi wakazi, wakichoshwa na moshi na nzi, walipolishtaki Baraza la Jiji mwaka 1988. Mahakama Kuu iliwapa haki, na kesi hiyo imebaki ya kukumbukwa kila panapojadiliwa haki ya Mtanzania kuishi mahali safi. Chini yake ni Vingunguti, na hapo maji yamekwisha badilika rangi. Bustani za mchicha na matembele bado zinalimwa kingoni.

Jangwani mto unatanda. Ni uwanda wa mafuriko, tambarare na wazi, na kwa sababu hiyo TANU ilifanyia hapo mikutano yake mikubwa. Watu walijenga bondeni kwa kuwa ardhi ilikuwa rahisi na mji upo karibu. Desemba 2011 mvua ambayo haikuwa imeonekana tangu 1954 iliwakuta ndani. Watu wapatao 40 walifariki, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, mbali kaskazini. Hata hivyo karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa bondeni humohumo, na tangu mabasi yaanze kazi mwaka 2016 maji yameiingia mara kwa mara. Masika ikikaza, Barabara ya Morogoro hufungwa Jangwani na Kariakoo hutengana na Magomeni. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hili, wa kupanua njia ya mto, kuinua daraja jipya na kugeuza uwanda kuwa bustani ya jiji. Nyumba nyingi zimekwisha kubomolewa. Zimebaki sakafu zake, na ukitazama vizuri utaona mgawanyo wa vyumba na ukumbi katikati.

Kilomita chache mbele mto unaifikia bahari kwenye Daraja la Salenda, lililopewa jina la John Einar Selander, mkurugenzi wa kazi za umma wakati wa Waingereza. Mbele yake, baharini, linapita Daraja la Tanzanite la mwaka 2022, lenye urefu wa kilomita moja hivi. Kati ya madaraja hayo mawili kuna mikoko. Maji yakipwa, mchanga ulioletwa kutoka vilimani huonekana kati ya mizizi, mwekundu kidogo, na juu yake chupa za plastiki, na ndege weupe wenye miguu mirefu wakichokoa tope.